Habari Ziwafikie

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi naiamkia Babati nzima shikamoo, na mdomo wangu umefumba. Wakati huo niko nyuma ya nyumba nimeinama, napuliza jiko la mkaa, moshi umenijaa machoni. Sauti yangu inatokea ndani, kwenye redio ya mama yangu. Inatokea kwa jirani, inatokea kwa fundi pikipiki ng'ambo ya barabara, inatokea kwenye kibanda cha chai pale chini. "Shikamoo Babati! Umeamkaje leo?" Ni mimi. Mwishoni nacheka kidogo, kama mtu aliyelala vizuri.

Binti yangu ana miaka minne. Mwanzoni alikuwa anatoka nje mbio kuniangalia, anarudi ndani kuiangalia redio, anatoka tena. Siku moja akaniuliza, "Mama, yule mwenzako wa ndani naye ana mtoto?"

Nikamwambia hana. Ningemwambia nini? Kwamba mama yako alifukuzwa kazi, sauti ikabaki?

Redio yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya duka la vipuri. Mwenye duka ndiye mwenye redio, na kabla ya vipuri alikuwa anauza maharage kwa jumla. Wote tulimwita Mzee. Alikuwa akisema alianzisha redio kwa sababu alichoka kusikia foleni za Dar es Salaam zikitangazwa asubuhi, na yeye yuko hapa anataka kujua kama barabara ya Dareda inapitika. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Mtu alitaka kujua habari za barabara yake, akanunua mtambo.

Kuta za studio tulizibandika trei za mayai, na juu ya trei tukatundika mablanketi mazito ya baridi. Hata hivyo mashine ya kusaga ya jirani ilisikika. Wasikilizaji waliizoea. Siku umeme ukikatika upande wa mashine, watu walipiga simu kutuuliza kama kuna usalama, mbona kimya.

Niliingia pale baada ya kumaliza kidato cha nne. Matokeo yangu siyasemi, na Mzee hakuyauliza. Alinipa kipande cha gazeti akaniambia nisome. Nikasoma kama tulivyosomaga darasani, kichwa juu, sauti ya kumfurahisha mwalimu. Akatikisa kichwa.

"Sasa soma kama unayemsomea yuko shambani Sigino, ana jembe mkononi, na redio ameitundika kwenye mti wa mbali."

"Nipige kelele, Mzee?"

"Nani amekwambia upige kelele? Msubiri. Anakuja."

Ndiyo kazi niliyojifunza, kumsubiri mtu. Na kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake, ambao siku hizi nikiwaelezea watu wananiona kama nasimulia mambo ya kanisani. Tangazo la kifo halianzi na jina. Linaanza na mahali. Unafunga muziki, unanyamaza kiasi cha mtu kumeza mate, unasema, "Habari ziwafikie." Halafu unataja mahali: Mutuka. Unasubiri. Mutuka. Sasa kule Mutuka kila mwenye redio amesimama, kila mwenye sufuria ameipunguzia moto, watoto wamezabwa kibao wanyamaze. Hapo ndipo unataja watu. Ukianza na jina, mpaka mtu afike kwenye redio yake jina limeshapita, na amebaki na wasiwasi mpaka jioni.

Ng'ombe aliyepotea alilipiwa. Cheti cha shule kilichodondoka stendi kililipiwa, harusi ililipiwa, na mwanasiasa alilipia mara mbili. Mtu aliyekufa hakulipiwa. Kiboko akitoka ziwani usiku na kuonekana kwenye bustani za watu, hilo nalo tulilisema bure, tena tulilirudia, akina mama wasiende kufua upande ule.

Watu walikuja dirishani kwetu na vipande vya daftari, na wengine hawakuwa na karatasi. Walikuja na maneno tu kichwani, wameyashika tangu nyumbani wasiyadondoshe njiani. Mimi naandika, wao wanagombana. Nani atajwe kwanza, shangazi wa Singe au kaka mkubwa wa Bonga? Huyu alimtukana marehemu kwenye shamba la mpakani, asitajwe. Atajwe, ni damu. Nilishawahi kumwambia mzee mmoja, "Baba, nje kuna watu kumi wanasubiri, amueni." Akanijibu, "Binti, wewe soma tu. Sisi tutagombana mpaka tufike kaburini, hiyo ni ratiba yetu."

Na kulikuwa na ile familia iliyomtangaza mama mzima kuwa amefariki. Mtoto wao alienda machimboni Mererani akapotelea huko, hapigi simu, hatumi salamu. Wakaona dawa ni redio. Tukasoma, sisi hatujui. Jamaa akashuka kwenye basi analia, amebeba blanketi jipya la kumfunikia marehemu, akamkuta mama yake anapepeta mahindi uani. Wanasema mama alimwangalia akamwambia, "Mimi ndiye niliyekwambia nimekufa? Haya umeshafika, lete hilo blanketi." Tangu siku ile Mzee akatoa amri, hakuna kifo kinachosomwa mpaka tumpigie balozi wa nyumba kumi wa pale aseme ni kweli. Nilikuwa na namba za mabalozi wa mji mzima. Walikuwa wakiona simu yangu wanaanza kuguna kabla sijaongea.

Mimba ilinikuta pale pale kazini. Baba wa mtoto alipata kazi ya kuendesha lori akaenda nalo, na maelezo yake yanaishia hapo. Nilijua nitafukuzwa. Mzee aliniangalia tumbo siku moja akasema, "Kiti hicho hakifai, kina pembe," akaleta kiti kingine kutoka dukani. Mtoto alipozaliwa nikarudi naye mgongoni.

Hapo ndipo anaingia mama wa maziwa. Alitoka Singe kila asubuhi kwa miguu na dumu lake la njano, akituuzia maziwa ya chai pale redioni. Mnene kidogo, meno ya mbele yana pengo, Kiswahili chake kina mkazo wa kikwao, kila neno kama analipigilia msumari. Mimi nilimwita mama, na yeye aliniita mama. Siku ya kwanza mtoto alipolia nikiwa hewani, nilikuwa katikati ya tangazo la chanjo ya mifugo. Nikajaribu kuendelea. Simu ya studio ikaita, fundi mitambo akapokea, akaniandikia kwenye karatasi akaiinua nyuma ya kioo: "Wasikilizaji wanasema mnyonyeshe kwanza." Nikaweka wimbo. Nilipogeuka, mama wa maziwa ameshaingia studio na ndala zake zenye tope, amemchukua mtoto, amemfunga mgongoni kwake.

"Soma," akaniambia. "Huyu nitaongea naye mimi."

Tangu hapo, kila asubuhi nikisoma, yeye alikuwa uani anazunguka na mtoto wangu mgongoni. Hakudai chochote. Maziwa yalibaki yanamsubiri, na wateja wake wa mbele walilalamika chai imechelewa.

Siku moja, ananipokea mtoto, akasema bila hata kuniangalia, "Mimi nikifa, wewe ndiyo utanisoma."

"Mama, asubuhi yote hii unasema kufa?"

"Sijasema leo. Nasema nikifa. Uanze na Kiru. Mdogo wangu yuko kule bondeni, amebaki yeye tu. Leo analima kitunguu kwa huyu, kesho mpunga kwa yule, simu hataki, anasema inamtafuta kama polisi. Lakini redio anayo. Usinisome haraka haraka kama bei ya mahindi. Masikio yake mazito."

"Nitasema Kiru mara mbili."

"Tatu."

"Tatu, mama."

Akaridhika, akaanza kumsema mtoto kwamba amekuwa mzito.

Mzee alizeeka kama wengine. Miguu ikavimba, vifaa vikachakaa, vibali vikapanda, na watoto wake wako Arusha na kwingine, hawataki kusikia habari za trei za mayai. Ikaja kampuni kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa imeshanunua redio za miji mingine, na sisi tulikuwa tunafuata kwenye mstari. Simlaumu Mzee. Nilimwona siku ile amekaa kwenye kiti chake mwenyewe kama mgeni.

Walituita wote uani, wakatuletea soda na maandazi. Kijana mmoja mwenye viatu vya ncha akatuambia, "Hamjapoteza redio. Mmepata familia kubwa." Tukapiga makofi. Mpaka leo nikikumbuka yale makofi mikono inaniwasha. Tulipewa na kofia.

Kisha akaniita pembeni. Alinisifia sauti. Akaniambia niingie studio nisome sentensi chache, wanataka kuwa na kumbukumbu ya redio ilivyokuwa. Nikafurahi, mpumbavu mimi, nikajipaka na mafuta mdomoni kama napigwa picha. Nikasoma. Shikamoo Babati, umeamkaje leo. Hapa ndipo nyumbani. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, tuko pamoja. Na mwishoni akasema, "Lile lenu la misiba nalo, lile la kuanzia." Nikanyamaza kiasi cha mtu kumeza mate, nikasema, "Habari ziwafikie." Nililisema vizuri kuliko siku zote. Akanipa karatasi nikasaini.

Mwezi haukuisha tukaambiwa matangazo yote sasa yatatoka Dar es Salaam. Studio ikafungwa. Trei za mayai zikabanduliwa, mlinzi akazichukua akafugie vifaranga. Katika nyumba ile ya vyumba vitatu pamebaki mashine moja inayowaka taa ya kijani, na huyo mlinzi. Dirisha letu limezibwa kwa tofali.

Basi nikawa nauza vitumbua. Na asubuhi ya kwanza nasikia, "Shikamoo Babati!" Nikafikiri ni kichwa changu. Nikakaa chini na mwiko mkononi.

Hilo la shikamoo ningelizoea. Mtu anazoea. Lakini saa moja kamili muziki ukakatika, pakawa kimya, na mama yangu ndani akanyamaza, na mtaa mzima ukanyamaza, sauti yangu ikasema, "Habari ziwafikie." Nikasimama. Nani amefariki? Ikaingia ngoma ya kishindo, na vijana wawili wakaanza kucheka. Msanii fulani amenunua gari. Msanii mwingine amemwacha mchumba wake. Ndiyo kipindi chao cha udaku, na wamekifungulia mlango kwa tangazo letu la misiba.

Nilipiga simu Dar es Salaam. Dada aliyepokea alikuwa na adabu sana.

"Nimekuelewa dada yangu, lakini sauti ni mali ya kampuni. Ulisaini."

"Nilisaini kumbukumbu."

"Ndiyo hiyo dada, inatumika kama kumbukumbu."

"Hayo maneno ni ya wafu. Mnajua?"

Akaniambia nisubiri. Wakaniwekea muziki mpaka salio likaisha.

Huku mtaani nani angeniamini? Watu wananisikia kila siku. Wakafiwa, wakaenda dirishani, wakakuta tofali, wakaja kwangu. Naeleza: mimi sipo, ile ni mashine. Wanaitikia kwa heshima, halafu wanaondoka wakisema anaringa. Mke wa fundi pikipiki alifiwa na baba yake. Nilimweleza mpaka nikalia. Kesho yake asubuhi sauti yangu ikaiamkia Babati kwa kicheko. Alipita mbele ya jiko langu hakununua kitumbua. Sokoni nilimsikia mwanamke mmoja kwa masikio yangu, "Huyu siku hizi anasoma wasanii tu. Wafu wetu hawamlipi." Mimi niliyekuwa na namba za mabalozi wote! Nilitaka kumrushia yule mwanamke sufuria.

Mama wa maziwa ndiye pekee aliyeelewa bila kuelezwa. Aliendelea kupita na dumu, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai kwangu. Udaku ukianza alikuwa anatukana kwa kikwao. Halafu ananiuliza, "Sasa mimi utanisomea wapi?"

"Hufi leo, mama."

"Sijasema leo."

Alifariki alfajiri moja, ghafla, hakuugua kitandani. Aliamka kukamua, akakaa chini ya ng'ombe, ikawa ndiyo hivyo. Mwanaye wa kiume alikuja kwangu kabla sijawasha jiko, ameshika kipande cha daftari. Hakuniambia shikamoo wala mambo. Alisema tu, "Mama alisema ni wewe."

Maziko yalipangwa kesho yake saa tisa, padri ana safari. Kijana alikuwa ameshamtuma mtu na pikipiki kwenda Kiru kumtafuta mjomba wake, na bonde la Kiru si uwanja wa mpira, ni mashamba yasiyoisha, miwa, mpunga, vibanda vya vibarua. Mtu alirudi jioni na vumbi tu. Mimi siku ile nzima nilikuwa kwenye simu na Dar es Salaam. Mmoja ananipeleka kwa mwingine. Wa mwisho akaniambia matangazo ya misiba yana idara yake, yanasomwa kwa pamoja ya mikoa yote mwisho wa wiki, niyatume kwa maandishi na malipo, yatapangwa.

"Anazikwa kesho."

"Pole sana dada. Labda tangazo la shukrani baada ya maziko?"

Kuna matusi niliyafundishwa na yule yule marehemu, niliyasema baada ya kukata.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Niliamka nikamfunga binti yangu mgongoni ingawa amekua, miguu yake inaning'inia mpaka magotini kwangu. Sijui kwa nini nilimfunga. Labda kwa sababu yule mama alimbeba pale pale. Nikaenda mnadani kwa miguu.

Mnada unajua ulivyo. Ng'ombe upande huu, mbuzi kule, nyama choma inanukia tangu barabarani, na katikati wauza mitumba kila mmoja na kipaza sauti chake, wanashindana kuua masikio ya watu. Nikamwendea mwenye kipaza kikubwa kuliko wote, kijana anayeuza viatu, amepanda juu ya meza.

"Buku buku buku! Kiatu cha Ulaya buku! Dada, namba ngapi?"

"Nataka kipaza."

"Hakiuzwi, dada."

"Nina msiba."

"Pole. Lakini unaniharibia biashara, sista, saa hizi ndiyo watu wanaingia." Kisha akaniangalia vizuri. "Subiri. Wewe si yule wa redioni? Sauti hiyo... Oya, huyu ndiye yule wa habari ziwafikie!"

Watu wakageuka. Mmoja aliyekuwa anajaribisha kiatu akasema kwa nguvu, "Leo msanii gani kaachwa?" Wakacheka. Walicheka vizuri, kicheko cha mnadani, na mtoto wangu mgongoni akacheka nao kwa sababu watu wanacheka.

Nilipanda juu ya ile meza. Nilikanyaga viatu. Nikamwambia yule kijana, "Zima muziki," na kitu gani aliona usoni kwangu sijui, alizima. Nikashika kipaza. Nikanyamaza kiasi cha mtu kumeza mate. Hapo hapo wauza mitumba wa jirani bado wanapiga kelele. Nikasubiri. Nikakumbuka yule wa Sigino na jembe lake. Anakuja.

"Habari ziwafikie," nikasema. Wengine bado wanacheka.

"Kiru."

Nikasubiri.

"Kiru."

Wazee walikuwa wa kwanza. Kule upande wa mbuzi niliona kofia zinageuka. Mwanamke mmoja akamfunika mtoto wake mdomo kwa kiganja. Kipaza cha kulia kikanyamaza, kisha cha kushoto, na mtu akampiga ng'ombe wake fimbo asilie, kama ng'ombe anaelewa.

"Bonde la Kiru."

Hiyo ya tatu ilikuwa yake. Halafu nikamsoma. Nilisoma polepole, sikumsoma kama bei ya mahindi. Nilimtaja yeye, na ng'ombe wake, na dumu la njano ili wamjue hata wasiojua jina. Nikamtaja mdogo wake, anayelima vya watu, asiye na simu, masikio mazito. Nikasema saa na mahali. Nikarudia yote tangu mwanzo. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Yule kijana wa viatu alikuwa amevua kofia.

Mama mmoja wa vitunguu akainua mkono kule nyuma, kama darasani. "Mimi natoka Kiru. Huyo mzee yuko shamba moja na mume wangu. Mume wangu simu anayo."

Akapiga pale pale. Akapigia kelele simu mpaka mnada mzima ukajua mume wake alikuwa amelala.

Tulifika Singe jeneza limeshatolewa nje. Tulisali, tukaenda makaburini, padri anaangalia saa. Walikuwa wameshaanza kulishusha kwa kamba pikipiki ilipoingia katikati ya migomba. Mjomba alishuka kabla haijasimama vizuri. Mzee mwembamba, gambuti hadi magotini, tope bichi la mpunga bado linateleza. Waliokuwa wameshika kamba wakasimama hivyo hivyo, jeneza linaning'inia, mpaka alipofika ukingoni. Aliinama akashika udongo, akausaga saga kwenye viganja kama anaupima kama unafaa kupandwa kitu, akaurusha. Kisha akawaambia, "Haya." Wakashusha.

Baadaye, watu wanakula chini ya turubai, alinitafuta. Alikuwa ameambiwa mimi ni nani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi karibu yangu. Akatoa kwenye mfuko wa koti redio ndogo imefungwa kwa mpira wa baiskeli, ya betri, mgongo wake umezibwa kwa plasta ya kidonda.

"Wewe ulikuwa unafanya kazi ndani ya redio," akasema kwa sauti ya juu, ile ya wasiosikia vizuri. "Utakuwa unajua kuzitengeneza."

"Ina nini, mjomba?"

"Inakata. Mwanzoni ilikuwa nzuri. Ulikuwa unasema habari ziwafikie, halafu unasema. Siku hizi unasema habari ziwafikie, halafu inaruka, inaingia kwenye muziki. Kila siku hapo hapo. Nimebadilisha betri. Nimeipandisha juu ya mti. Jana asubuhi nilikusikia, nikaacha jembe, nikaishika hivi sikioni. Ikaruka." Akaigeuza geuza mkononi. "Ni jana alipofariki dada, si ndiyo?"

Binti yangu alikuwa ameegemea goti langu, anakula wali kwa mkono. Akaiangalia ile redio, akaniangalia mimi.

"Ndiyo, mjomba. Ni jana."

"Unaona sasa. Ningekuja jana. Ningemkuta ndani."

Niliichukua. Nikaiwasha, nikaiweka sikioni. Ilikuwa inatoa muziki safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Yeye alikuwa ananitazama mdomoni kujua nitasema nini. Nilitafuta namna ya kumweleza Dar es Salaam, kampuni, karatasi, viatu vya ncha, kofia tuliyopewa, na nikaona kila neno litachukua mwaka.

"Mjomba, redio yako ni nzima."

Akakunja midomo, akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya mtu fundi akimdanganya.

"Kama ni nzima mbona haisemi?" Akasimama, akaniacha nayo mkononi. "Kaa nayo. Ikipona utaniita."

"Nitakuitaje, nawe simu hutaki?"

Alikuwa ameshageuka kuelekea kwa wazee wenzake.

"Pale ulipopanda leo," akasema. "Mimi kila mnada nitakuwepo."